Ua Lisilo na Jani

Juzi, siku ya arobaini ya wifi yangu Mwanahawa, binti zake waliniita chumbani kwake Fukayosi tufungue sanduku la nguo. Ni desturi yetu kugawa nguo za marehemu, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki upande wa wanawake, niliwekewa kigoda katikati ya chumba niangalie haki itendeke, kanga kwa kanga. Sikufika mbali. Kifuniko kilipoinuliwa tu ile harufu ikatoka, na mikono yangu ikasahau ilichokuwa inafanya. Haikuwa karafuu, wala udi, wala asumini iliyokauka. Ilikuwa harufu ya udongo ulioonja mvua, na nyuma yake ukali kidogo wa tangawizi. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, tulikuta vipande vya mzizi vilivyosinyaa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Binti mdogo, Chausiku, aliyepewa jina la bibi yake, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia si dawa. Akauliza basi ni nini. Nikaona nikijibu kwa neno moja nitakuwa nimesema uongo, na kama kuna mtu asiyestahili kusemewa uongo ndani ya chumba chake, ni Mwanahawa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule nilioolewa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nasema ninaotaka, lakini sina hakika kama ninaweza. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Tangu nikiwa msichana nimekuwa na tabia ya kuandika mambo ya kutwa kabla sijalala, lakini madaftari ya mwaka ule yaliliwa na mchwa zamani, yakabaki majalada kama maganda. Kwa hiyo naandika ninachokumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema. Wengi ninaowataja wamekwisha kufa, hawawezi kunisahihisha, na ndiyo maana inanibidi niwe mwangalifu nao zaidi.

Nilitoka Bagamoyo mjini, kwenye nyumba ya mawe, nikaletwa Fukayosi kwenye nyumba ya udongo ya mama mkwe wangu, Bi Chausiku. Mume wangu Saidi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi palepale kijijini. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, viwili kila upande wa ukumbi, na ukumbi wenyewe ulitoka mlango wa mbele mpaka uani bila kizuizi, hata kuku waliufanya barabara. Kuta hazikufika paani. Mtu akikohoa chumba hiki, wa chumba cha pili anampa pole. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti uani, cheusi ndani kama tumbo la chungu, na nikisema niliishi mahali mwaka ule, basi niliishi humo. Kwetu nilikuwa nimefundishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kule tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, na kisamvu lazima kitwangwe. Kinu kilinishinda. Siku ya kwanza nilitwanga mpaka majani yakaruka nje, mengine yakaninasa kwenye nywele, na wifi yangu Mwanahawa, aliyekuwa ameegemea mlango akimenya muhogo, akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa, kwamba Saidi katuletea Bi Mjini, kuanzia leo kisamvu tutakula kwa kuokoteza. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Nami nikacheka, maana nilikwisha kuambiwa nyumbani kwamba utani wa wifi haukwepeki. Lakini jioni ileile Mwanahawa alikuja akasimama nyuma yangu, akaushika mchi juu ya mikono yangu, tukatwanga pamoja bila neno mpaka mikono yangu ikaelewa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akikucheka mchana, jioni anakuja kukuonyesha.

Alinizidi umri kidogo. Alikuwa ameolewa Vigwaza na seremala mmoja, Shabani, na muda mfupi kabla sijafika alikuwa amerudi nyumbani na furushi moja. Alisema mume amemwacha. Asubuhi moja, wakinywa chai wawili tu, Shabani aliyatamka kwa kinywa chake maneno ya talaka, kisha akainuka akaenda kwenye kazi yake kama kawaida. Shabani alipoulizwa alikataa. Alisema waligombana tu, kama watu wanavyogombana, na kwamba vuli ikishapandwa atakuja kumchukua mkewe. Shahidi hakuwepo, karatasi haikuandikwa. Kwa majirani lilikuwa jambo dogo, mke na mume wapatanishwe warudi nyumbani kwao. Kwake halikuwa dogo. Aliniambia siku moja tukichambua kunde, bila kuinua macho kwenye ungo: "Yeye keshaniacha, wifi. Nikirudi kulala naye nitakuwa nalala na mtu baki. Watu hawakusikia, lakini Mungu alikuwepo pale kwenye chai."

Njia ya kulimaliza ilikuwa moja. Baba mkwe alikwisha kufariki, kwa hiyo mdogo wake, baba mdogo Athumani, ndiye aliyekuwa walii wa Mwanahawa na msemaji wa nyumba. Yeye angesimama mbele ya shehe wa Vigwaza na kumtaka Shabani aape, na neno lingekatika, upande huu au ule. Hakutaka. Nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa ukumbini nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, naye yuko barazani na Saidi, ukuta umetutenga. Sikukusudia kusikiliza, lakini pia sikuinuka. Saidi alikuwa anamwuliza kwa adabu kwa nini asiende tu kuuliza, kuuliza si kugombana. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, nikasimame mbele za watu Vigwaza kwa maneno ya nani? Ya yule aliyeona ua lisilo na jani?"

Kifuu kikanisimama mkononi. Baadaye nilimwuliza mama mkwe maana ya maneno yale, naye akageukia Kikwere na kuanza kumsemesha kuku, nikajua hapo sipati kitu. Ikabidi nimwulize mwenyewe, na mwenyewe hakuficha.

Alikuwa mtoto, hajaanza hata kufunga Ramadhani. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha, naye akaenda kuokota kuni kunapambazuka, kwenye msitu ulioanzia pale mikorosho ilipoishia. Akaliona ua limelala chini, jeupe, upana wake kiganja, kingo zake zina zambarau hafifu, na kooni lina doa la njano kama limeguswa na kidole chenye manjano ya kupikia. Halikuwa na jani. Halikuwa na shina. Alidhani kuna mtu kalidondosha, akainama aliokote, likamshikilia ardhini. Akaacha kuni akakimbia nyumbani. Baba mdogo Athumani alimpenda kuliko watoto wake mwenyewe, kila mtu aliniambia hivyo, hata wasiompenda. Aliacha uji wake akamfuata, na majirani wakamfuata yeye, na watoto wakawafuata majirani, maana walidhani mtoto kaona jambo. Mpaka watu wakusanyike, waulizane, watafute viatu, wafike, jua lilikuwa limepanda na chini hapakuwa na kitu, majani makavu matupu. Mwanahawa aliyafukua kwa mikono huku analia. Watu wakacheka, na aliyechekwa zaidi hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima aliyeacha uji wake kwenda kutazama ua.

Tangu hapo akaitwa Bi Ua. Akichelewa kisimani, alikuwa anatazama ua. Akisema ana homa, ni homa ya ua. Kila vuli ilipoanza kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama mgeni wake ameshafika. Utani ule ulikuwa umezeeka mpaka waliouendeleza wengi wao hawakujua ulianzia wapi. Walijua tu kwamba neno la Mwanahawa hupokelewa kwa kicheko kwanza. Na kwa haki ya baba mdogo, niseme hili: hakuwa mtu mbaya. Sijawahi kumwona akimnyima mtu chakula au salamu. Alikuwa mtu aliyewahi kuaibishwa kwa sababu ya kuamini, na hakutaka kurudia.

Nilimpelekea Saidi habari hiyo wakati anasahihisha kazi za watoto. Alisema ua la namna hiyo hajaliona, lakini hawezi kusema halipo. Msufi wa pale shuleni huchanua ukiwa mtupu, jani huja nyuma yake. Kama mti unaweza, kwa nini kimea kisiweze? Kisha akaweka kalamu chini akasema, "Lakini hata likipatikana, ua haliwi shahidi wa talaka." Nilijua ana haki. Leo, baada ya miaka yote hii, bado naona alikuwa na haki. Ua moja na maneno ya mtu kwenye chai ni vitu viwili. Mimi nilikuwa katikati, simwamini Mwanahawa wala simkani, na kukaa katikati kulinichosha kuliko kinu.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Visima vilishuka, tulichota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na salamu kutoka Vigwaza zikawa zinakuja, mara kwa huyu, mara kwa yule, kwamba Shabani anatengeneza kitanda kipya. Kila salamu ilipofika Mwanahawa aliitikia vizuri na kuuliza hali ya watu wa huko, kisha akaenda kukaa peke yake jikoni. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri moja, matone makubwa yaliyochimba vumbi, na paa likavuja juu ya kitanda chetu, nacho kipya. Mimi nilikuwa nahangaika na masufuria ya kukingia. Mwanahawa alisimama uani kichwa wazi, ananusa hewa. Alipoingia aliniambia kwamba alfajiri tutakwenda kuni. Mama mkwe akauliza ni nani anayekwenda kuni siku kuni zimelowa. Akajibiwa kwamba Bi Mjini hajui kuni mbichi wala kavu, heri akajifunze kwa zote.

Tulikwenda siku ile, na iliyofuata, na nyingine baada yake. Tuliswali alfajiri tukatoka, yeye mbele na panga, mimi nyuma naogopa kila kijiti kilichojikunja. Ndani ya msitu ule kulikuwa na giza la kijani hata kulipokucha, na chini kulikuwa kutupu, majani makavu na mizizi, hakuna nyasi. Tulitembea tumeinama kama watu waliodondosha sindano. Hatukuona kitu. Nilianza kumwonea huruma, na yeye aliiona huruma hiyo, akawa hanitanii tena. Hilo lilinitisha. Nikaanza kutamani atoe hata kisingizio, mwaka huu mvua haikutosha, nguruwe wamekula, ili nimwitikie turudi nyumbani. Hakutoa. Alisema tu, tujaribu kule penye mteremko.

Sikumbuki ni nani aliyeliona kwanza. Ningependa kusema ni mimi, na nimewahi kusimulia hivyo, lakini sina hakika. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa tumesimama wote wawili, na lilikuwepo. Lilikuwa limetoka ardhini moja kwa moja, limefunguka juu ya majani makavu, jororo, limekunjamana kidogo kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Jeupe. Zambarau kwenye kingo. Na kooni lile doa la njano, kama alivyosema, kidole chenye manjano. Nilipiga magoti nikapitisha mkono pande zote kutafuta jani, nikafukua kidogo, hakuna. Nikasema, "Bi Ua." Nilitaka kumwomba radhi na ndilo jina lililonitoka. Akacheka, akakaa chini palepale kwenye unyevu, akacheka mpaka akanyamaza.

Hapo tukafanya kosa. Tulifanya kama wafanyavyo watu wanaotaka kuaminiwa, tukabeba ushahidi. Mwanahawa alikata udongo kwa panga kuzunguka ua, tukauweka kwenye ungo tuliokuja nao wa uyoga, tukafunika kwa kanga yangu, na tukarudi mbio kwa baba mdogo. Tulimkuta barazani kwake na jirani yake, Mzee Kibwana, wanakunywa uji. Tukaamkia shikamoo, tukaitikiwa marahaba, tukafunua. Jua lilikuwa limekwisha kutupiga njiani. Lile ua lilikuwa limelala juu ya udongo kama ganda la kitunguu lililolowa, rangi imekwenda, umbo limekwenda. Mzee Kibwana akaligusa na kidole, akatazama pale lilipotokea, akasema, bila ubaya, kama fundi anayetazama kazi, "Hapa pamechomekwa." Na kweli lilionekana hivyo. Watoto wa pale walikuwa na mchezo wa kupanga nyumba, huchomeka maua kwenye udongo yawe bustani, na kila mtu mzima aliwahi kuucheza. Ua lisilo na shina halina namna nyingine ya kuonekana. Baba mdogo hakucheka. Aliufunika ungo kwa kanga yangu, taratibu, akanirudishia mimi.

"Sasa mmekuwa wawili," akasema.

Chakula cha jioni ile nakikumbuka kuliko cha harusi yangu. Kulikuwa na ugali, mchicha wa nazi, na samaki mmoja mkavu aliyegawanywa na mama mkwe kwa vidole. Tulikula sinia moja sisi wanawake watatu, ukumbini. Habari ya ungo ilikuwa imeshazunguka kijiji, na salamu nyingine ilikuwa imefika: Shabani atakuja wiki hii. Mama mkwe hakuwahi kuchukua upande katika jambo la binti yake. Nilidhani hajali. Jioni ile nikaona anasukuma vipande vya samaki kwa kidole kimoja, polepole, mpaka vyote vikawa upande wa Mwanahawa, na Mwanahawa anavirudisha, na yeye anavisukuma tena. Nikapata ujasiri ambao sijui ulitoka wapi. Mwanahawa alikuwa ameniambia njiani kwamba kando ya lile shimo ameona ncha nyingine nyeupe inachungulia, na alasiri alikuwa amerudi peke yake kuifunika kwa tenga.

"Mama," nikasema, "alfajiri twende wote. Safari hii hatuchimbi. Ukalitazame palepale lilipo."

"Na kama halipo?"

"Kama halipo nitasema halipo."

Alinitazama sana. Kisha akanawa mikono, akasema alfajiri tusimwamshe Saidi kwa kelele.

Alitembea polepole, goti lake la kulia lilikuwa na matatizo, na mimi nilitazama mbingu njia nzima kama mtu anayemkimbia mdai. Mwanahawa alikuwa ametangulia. Tulimkuta amesimama kando ya tenga, hakuligusa, anangoja mama yake afike. Akalifunua. Lilikuwa limeanza kufunguka, bado lina umande. Mama mkwe hakulitazama muda mrefu, nami nikadhani hakuridhika. Alichuchumaa kwa shida, akaingiza kidole kwenye udongo, akaufuata ule mrija wa ua kwenda chini, chini, mpaka akashika kitu. Akakikwaruza kwa ukucha. Akatoa kidole akakinusa. Halafu akakaa chini kabisa, na kanga yake safi.

"Huu ni mzizi wa sandukuni kwangu," akasema.

Miaka yote alikuwa akiuchimba mzizi ule wakati wa masika, kwa kufuata jani lake, jani pana kama la mmea wa manjano, kama alivyofundishwa na mama yake, kuweka kwenye nguo. Wakati wa masika ua limeshakufa na kusahauliwa. Alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mmea ule hauchanui. Mama alikaa na jani na mzizi, binti alikaa na ua, nyumba moja, sanduku liko hatua chache kutoka kitanda cha mtoto, na kila mmoja alijua alichokijua. Mama mkwe akamwambia Mwanahawa maneno ya Kikwere, machache. Sikuyaelewa na sikuuliza, wala baadaye sikuuliza. Mwanahawa akapiga magoti akalaza paji la uso kwenye lile goti bovu. Walikaa hivyo. Kisha mama mkwe akanigeukia kwa Kiswahili akasema, "Mke wa Saidi, nipe mkono niinuke. Nina safari ya kwa shemeji yangu."

Nilikuwepo alipofika barazani, kwa sababu ndiye niliyemshika mkono. Hakukaa. Alimwambia, "Shemeji, nimenyamaza siku zote kwa kuwa nilikuwa sijui. Leo moja nimelijua, mtoto alisema kweli. La pili nenda kaliulize wewe." Baba mdogo akauliza kama ameliona kwa macho yake. Akajibu kwamba amelishika. Nilidhani baba mdogo atataka kwenda msituni kwanza, na jua ndilo hilo linapanda, nikaanza kuhesabu njia kichwani. Hakwenda msituni. Alimwita mkewe amletee kanzu.

Ya Vigwaza sikuyaona, nayaandika kama Saidi, aliyefuatana naye, alivyonisimulia, na Saidi hakuwa mtu wa kuongeza. Walimkuta Shabani anapiga randa mguu wa kile kitanda. Alipoambiwa mbele ya shehe atawadhe, kisha aape kwamba hakutamka, alikubali mara moja. Akapewa maji, akatawadha vizuri, uso, mikono, miguu, akarudia tena miguu, mpaka kopo likaisha. Kisha akakaa akasema haapi. Alisema aliyatamka. Alisema kabla chai haijapoa alikuwa ameshajuta, na kwa kuwa hakuna aliyesikia, alidhani maneno yanaweza kurudi alikotoka. Kwa haki yake, Saidi alisema hakuonekana kama mwongo aliyekamatwa, bali kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa anamtaka mkewe. Kitanda kile hakikuwa uongo.

Mwanahawa alikaa eda yake, na baadaye akaolewa na mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, akazaa hawa mabinti, na alipofiwa naye akarudi Fukayosi, kwenye nyumba ileile, chumba kilekile. Lakini kabla hajaondoka, mwaka uleule, mvua zilipokolea, jani lilitoka pale tulipokuwa tumeweka tenga. Mama mkwe alituonyesha. Tulikuwa watatu, na nyuma yetu, bila kuitwa, akaja baba mdogo Athumani. Alisimama mikono nyuma akilitazama lile jani kama mtu anayesoma tangazo. Akamwuliza Mwanahawa ua litakuja lini tena. Akaambiwa mwakani, kabla ya jani, asubuhi tu.

"Basi utaniita mapema," akasema.

"Safari hii nitakuita mapema, baba."

Mwaka uliofuata alikwenda. Mimi nilikuwa nimejifungua, sikutoka ndani, kwa hiyo siwezi kusema alipoliona alifanya nini. Najua tu kwamba alirudi nyumbani amechelewa, na uji wake ulikuwa umepoa, na hakutaka upashwe moto.

Kuna mazungumzo mengine ninayoyaweka hapa kwa sababu sikuwahi kuyaandika mahali pengine. Ilikuwa siku chache baada ya Vigwaza, jikoni, tunatwanga kisamvu, michi miwili kinu kimoja, kwa kupokezana, maana nilikuwa nimeshajua. Akaniuliza kama siku zile za mwanzo tulipokuwa tukienda msituni nilikuwa namwamini. Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, nami pia. Nikamwambia sikuwa najua. Hakukosesha pigo hata moja la mchi. "Ndiyo maana nilikuchukua wewe," akasema. "Angeniamini mtu tangu mwanzo, ningekwenda naye kufanya nini?" Kisha akanionyesha kwa kidevu majani yaliyonasa kwenye nywele zangu.

Hayo ndiyo niliyomjibu Chausiku pale kwenye sanduku, kwa ufupi zaidi. Msitu ule haupo, mwanzo ulikatwa kidogokidogo kwa mkaa, halafu yakaja mashamba ya mananasi, na jani lile sijaliona tena mahali popote, ingawa siku hizi siendi mbali na huenda lipo nisikokwenda. Vipande vya mzizi vilikuwa vyepesi, vimekufa, isipokuwa kimoja kilichokuwa na uzito mkononi. Mabinti wakaniuliza kama kinaweza kuota. Niliwaambia sijui. Tukakifukia kivulini nyuma ya jiko, pale maji ya mtungi hudondoka. Vuli imeanza jana. Leo nimeamka mapema, nikakaa kwenye kigoda mpaka jua likanifukuza, hakuna kitu. Nimewaambia wajukuu pale wasifagie.